Mholanzi aliyeigeuzia serikali yake kamera

HAPA pwani, kabla ya televisheni kuingia majumbani, watu wengi waliijua nchi ya Uholanzi kwa kitu kimoja: redio. Redio ya Philips ilikaa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na watoto wakaonywa wasiiguse. Wengi walioisikilizia taarabu na taarifa ya habari hawakujua kwamba mwaka 1931 kampuni hiyo ilimwita kijana mmoja wa Kiholanzi aje kuipigia picha za sinema ndani ya kiwanda chake. Kijana huyo hakuonyesha mitambo tu. Alipeleka kamera karibu kabisa na nyuso za mafundi waliokuwa wakipuliza vioo, mashavu yametutumka kana kwamba yatapasuka, hata mtazamaji akatambua kwamba ndani ya kila redio mna pumzi ya mtu.

Kijana huyo ni Joris Ivens. Katika ufundi wa sinema za mambo ya kweli, yaani zile zisizobuniwa kama hadithi, yeye huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa karne iliyopita. Nia yangu leo ni kuwaeleza wasomaji habari zake, na hasa kitendo kimoja alichokitenda mwaka 1945 alipokuwa na umri wa miaka 47. Kitendo hicho kilimkosanisha na serikali ya nchi yake kwa muda wa miaka 40, na kinatuhusu sisi watu wa Bahari ya Hindi kuliko tunavyodhani.

Mwana wa duka la kamera

Bw Ivens alizaliwa tarehe 18 Novemba 1898 mjini Nijmegen, karibu na mpaka wa Ujerumani. Picha zilikuwa kazi ya ukoo wao. Babu yake alikuwa mpiga picha, na baba yake alikuwa na maduka ya kuuza kamera. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alichukua kamera ya dukani akatengeneza sinema fupi ya Wahindi Wekundu, na waigizaji wakawa ni wazazi wake na ndugu zake. Baba alikusudia mwanawe airithi biashara. Alimpeleka Rotterdam kusomea mambo ya uchumi, kisha Ujerumani kusomea ufundi wa picha, halafu akampa tawi la Amsterdam alisimamie.

Lakini moyo wa kijana haukuwa dukani. Mwaka 1928 alitoa sinema fupi juu ya daraja la reli la Rotterdam, ambalo sehemu yake ya kati ilikuwa ikiinuliwa juu ili meli zipite chini. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Mannus Franken wakatoa nyingine iitwayo Regen, maana yake Mvua. Sinema hiyo ni ya dakika 12 hivi tu. Inaanza na jua juu ya mifereji ya mji wa Amsterdam. Wingu linajikusanya, upepo unatikisa nguo zilizoanikwa, tone la kwanza linaanguka majini, miavuli inafunguka, kisha mvua inakatika na mji unang'aa. Ni mvua moja tu machoni pa mtazamaji, lakini yeye aliikusanya kwa miezi mingi. Kila kulipotanda wingu alitoka na koti lake la mvua na kamera mkononi.

Sisi tunaozijua masika na vuli hatuoni ajabu mtu kuisubiri mvua. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyejua kungoja tone la maji hakuridhika na sifa hiyo. Angeweza kuishi maisha yake yote akipiga picha za mvua na madaraja, akapendwa na wakubwa na maskini. Hakufanya hivyo.

Makaa na ngano

Mwaka 1933 Bw Ivens alikwenda Ubelgiji, katika wilaya ya migodi iitwayo Borinage, akishirikiana na mtengenezaji sinema wa huko, Henri Storck. Mwaka uliotangulia wachimba makaa walikuwa wamegoma na wakashindwa. Wengi walifukuzwa kazi, na familia zikatolewa katika nyumba walizopangishwa. Wawili hao walifanya kazi kwa kujificha wasikamatwe na polisi. Katika sinema hiyo utaona makaa yamelundikwa kama milima, na pembeni wake wa wachimbaji wakiokota vipande katika takataka za mgodi ili wapate kupasha moto nyumba zao.

Mwaka huo huo alimaliza sinema juu ya kazi kubwa iliyofanywa na Waholanzi, ya kuizuia bahari. Ukuta wenye urefu wa kilomita 32 ulijengwa kukata ghuba ya Zuiderzee, ukafungwa mwezi wa Mei 1932, na sehemu za ghuba zikageuzwa mashamba. Bw Ivens alizionyesha mashine, udongo, na watu wakipigania shimo la mwisho huku mkondo wa maji ukipita kwa nguvu. Serikali yoyote ingefurahi kuona sifa kama hizo. Lakini mwishoni aliongeza kipande cha uchungu: ardhi imepatikana, ngano imeota, kisha bei imeanguka, na nafaka inatupwa baharini hali watu wana njaa.

Kutoka hapo alikwenda kila palipokuwa na vita au dhiki. Mwaka 1937 alikuwa Uhispania, akipiga picha za wanakijiji waliokuwa wakichimba mfereji wa kumwagilia mashamba yao ili waulishe mji wa Madrid uliozingirwa na majeshi ya Jenerali Franco. Maneno ya sinema hiyo yaliandikwa na kusomwa na mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, na Rais Roosevelt aliitazama katika ikulu yake mwezi wa Julai mwaka huo. Mwaka 1938 akawa Uchina, ambako watu walikuwa wakipigana na majeshi ya Japani.

Ijumaa ya Ramadhani

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Visiwa tunavyoviita leo Indonesia vilikuwa koloni la Uholanzi. Watu wake wengi ni Waislamu, na kwa karne nyingi mahujaji na wanavyuoni wao walijulikana sana Makka, wakiitwa Wajawa kwa jina la kisiwa cha Java. Mwaka 1942 Japani iliviteka visiwa hivyo. Malkia Wilhelmina wa Uholanzi, akiwa uhamishoni London, alitangaza mwezi wa Desemba mwaka huo kwamba vita vikiisha makoloni yatapata mahali papya pa heshima katika ufalme wake.

Bw Ivens aliiamini ahadi hiyo. Mwaka 1944 alikubali cheo kikubwa: Mkuu wa Sinema wa serikali ya Uholanzi kwa ajili ya visiwa hivyo. Kazi yake ingekuwa kupiga picha za kukombolewa kwa nchi na kujengwa kwake upya. Mapema mwaka 1945 akafika Australia, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa imekimbilia, akangoja kuvuka.

Tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kusalimu amri, Sukarno na Mohammad Hatta walitangaza uhuru wa Indonesia mjini Jakarta. Ilikuwa siku ya Ijumaa, mwezi wa Ramadhani. Waholanzi hawakuukubali uhuru huo. Wakaanza kupakia meli katika bandari za Australia, wapeleke askari na silaha kuirudisha nchi mikononi mwao.

Mabaharia wa Kiindonesia waliokuwa katika meli hizo wakashuka, wakaapa kwamba hawatabeba bunduki za kuwaulia ndugu zao. Wakaviomba vyama vya wafanyakazi vya Australia msaada. Makuli wa Brisbane na Sydney wakakataa kupakia. Wavutaji wa matishari wakakataa kuvuta, mafundi wakakataa kutengeneza. Mabaharia wa Kichina na wa Kihindi nao wakaingia. Mamia ya vyombo, vikubwa na vidogo, yalikwama au kucheleweshwa.

Mkuu wa Sinema alikuwa papo hapo Sydney akiyaona hayo. Fikirini hali yake. Mshahara wake ulitoka kwa upande mmoja, na ahadi iliyomleta ilikuwa ikivunjwa na upande huo huo. Tarehe 21 Novemba 1945 aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba amejiuzulu. Alieleza kwamba hawezi kutengeneza sinema za kukomboa watu ambao wananyimwa ukombozi.

Dakika 22

Hakuishia katika kujiuzulu. Kwa kamera isiyo ya maana sana na vipande vya filamu vya kuokoteza, akaanza kuupiga picha mgomo wenyewe. Kwa kuwa yeye alijulikana mno, na tena pumu ilimsumbua, mara nyingi kamera ilishikwa na mwenzake wa Kimarekani, Bi Marion Michelle. Maneno yaliandikwa na Bi Catherine Duncan, yakasomwa na mwigizaji Peter Finch, ambaye miaka mingi baadaye alipata sifa kubwa huko Hollywood. Kwa kuwa mambo mengine yalikwisha kutukia, baadhi ya vipande viliigizwa upya na wale wale waliotenda. Sinema ikaitwa Indonesia Calling, yaani Indonesia Inaita. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Sydney mwezi wa Agosti 1946. Urefu wake ni dakika 22.

Mimi niliitazama pamoja na mzee mmoja jirani yangu, baharia mstaafu aliyepita bandari nyingi za dunia akiwa chini kwenye injini. Mahali palipotushika zaidi ni pale ambapo meli moja ya Waholanzi imefanikiwa kung'oa nanga kwa nguvu za mabaharia wa Kihindi. Motaboti ndogo inaifukuza. Ndani yake mna Wahindi wenzao, wanaita kwa kipaza sauti kwa lugha ya kwao, wanawaeleza meli ile imechukua nini na inakwenda kumfanya nani nini. Juu, vichwa vinachungulia. Kisha kazi inasimama, na meli haiendelei na safari.

"Mzee," nikamwambia, "hawa walikuwa na moyo."

"Mwanangu, wewe waona moyo," akanijibu. "Mimi naona kitabu cha baharia. Ukiacha kazi bandari ya ugenini bila idhini ya nahodha, mshahara umekwenda, kitabu kimechafuka, na nauli ya kurudi kwenu huna. Wana watoto Bombay hawa, wanangoja pesa. Na hao wanaowapigania si ndugu zao wa damu."

Maneno yake yalinifanya niitazame tena sinema ile kwa jicho jingine. Mabaharia wale Waingereza waliwaita laskari, neno ambalo asili yake ni moja na hili letu la askari. Wenyewe walikuwa bado chini ya ukoloni wa Mwingereza. Uhuru wa nchi zao haukupatikana mpaka Agosti 1947. Kula yao ilitegemea meli. Hata hivyo waliposikia mwito kwa lugha waliyoifahamu, waliweka chini kazi. Bw Ivens hakuwatia maneno ya kishujaa vinywani mwao. Aliacha uso wa baharia anayesikiliza ujieleze wenyewe.

Miezi michache baadaye, Januari 1947, makuli na wafanyakazi wengine wa Mombasa nao waligoma, mji mzima ukasimama. Sisemi kwamba mgomo wetu ulitokana na ule wa Sydney. Nasema tu kwamba walioishi kwa jasho la bandari, huku na huko, walikuwa wakianza kujua uzito wa mikono yao.

Pasipoti

Serikali ya Australia kwanza iliizuia sinema hiyo isipelekwe nje, kisha ikaondoa zuio. Nakala zilifika Indonesia, zikaonyeshwa kwa watu waliokuwa vitani. Waholanzi walipigana kwa miaka minne, na maelfu kwa maelfu ya Waindonesia wakafa, mpaka tarehe 27 Desemba 1949 walipokubali kuukabidhi utawala.

Kwa wakubwa wa nchi yake Bw Ivens alihesabiwa msaliti. Kwa miaka kadhaa pasipoti yake iliongezwa muda kidogo kidogo, kila mara akilazimika kurudi ubalozini kuomba. Hatimaye aliishi karibu maisha yake yote yaliyobaki nje: Ulaya ya Mashariki kwanza, kisha Paris. Kutoka huko aliendelea na kazi. Mwaka 1958 sinema yake juu ya mto Seine ilipata tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la Cannes. Mwaka 1960 alikuwa Mali, nchi ya Kiislamu ya Afrika Magharibi iliyopata uhuru mwaka huo huo, akipiga picha za maisha ya kijijini. Akaenda Cuba, akaenda Chile, na katika vita vya Vietnam aliishi na mkewe Marceline Loridan pamoja na wakulima waliojificha mahandakini chini ya mabomu ya Wamarekani. Sinema hiyo ilitoka mwaka 1968.

Upande wa pili

Haki ni kusema yote. Mtu huyu aliyeupambanua uongo wa serikali yake hakuwa mwepesi kuuona uongo wa marafiki zake. Mwaka 1932 alikwenda mji wa Magnitogorsk katika Urusi ya Stalin, akapiga picha za vijana wakijenga kiwanda cha chuma kwa furaha. Miongoni mwa waliokuwa wakijenga mji ule walikuwamo wakulima wengi walionyang'anywa mashamba wakapelekwa huko kwa nguvu. Hao hawaonekani katika sinema yake. Mwaka 1976 yeye na Bi Loridan walitoa sinema 12 juu ya Uchina, zenye jumla ya saa 12 hivi. Zina mengi mazuri ya maisha ya kila siku, lakini mateso ambayo Wachina wengi waliyapata katika miaka ile ya mapinduzi ya utamaduni hayamo. Mwaka huo huo Mao alikufa, na dunia ikaanza kuyasikia.

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo hata sinema ya Indonesia ni propaganda tupu. Mimi siafikiani nao. Ushahidi wa mtu hupimwa kwa kila jambo alilolishuhudia. Pale Urusi na Uchina Bw Ivens alikuwa mgeni wa serikali, akaonyeshwa aliyotakiwa kuona. Pale Sydney hakuwa mgeni wa mtu. Cheo alikitupa, kamera ilikuwa duni, na aliyoyapiga picha yalikuwa yakitendwa na watu ambao hawakuwa na uwezo wa kumlipa wala kumtisha. Ndiyo sababu ushahidi ule umesimama. Mfano wake watufundisha kitu sisi tunaoandika magazetini na wale wanaobeba kamera leo: kwanza tazama ni nani anayekufungulia mlango.

Upepo

Mwaka 1985 waziri wa utamaduni wa Uholanzi, Bw Elco Brinkman, alisafiri hadi Paris kumkabidhi mzee huyo tuzo ya sinema ya nchi yake. Akakiri mbele ya watu kwamba katika mgogoro ule wa Indonesia historia imekuwa zaidi upande wa Bw Ivens kuliko upande wa waliompinga. Ivens alikuwa na umri wa miaka 86.

Alikuwa bado na sinema moja moyoni. Tangu utotoni pumu ilimkaba kifua. Kila pumzi aliifanyia kazi. Mwaka 1988, yeye na mkewe wakatoa Hadithi ya Upepo, iliyopigwa Uchina. Mzee mwenye nywele nyeupe ameketi juu ya kiti katikati ya jangwa, anaungoja upepo. Mabaharia wa majahazi waliokaa Lamu wakingoja kusi kukaza ili warudi kwao wangemfahamu bila mkalimani. Upepo unapokuja hatimaye, mchanga unaruka, na mzee anacheka. Mwaka huo tamasha la Venice lilimtunukia Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki Paris tarehe 28 Juni 1989.

Baada ya kifo chake mambo hayakukoma. Machi 2020 Mfalme Willem-Alexander, akiwa Indonesia, aliomba radhi kwa ukatili uliozidi mpaka wa majeshi ya nchi yake katika vita vile. Juni 2023 Waziri Mkuu Mark Rutte aliliambia bunge kwamba Uholanzi inautambua kikamilifu uhuru wa Indonesia kuwa ulianza tarehe 17 Agosti 1945, siku ile ile waliyoitangaza wenyewe, wala si siku ya kukabidhiwa mwaka 1949. Ilichukua karibu miaka 78 kwa serikali kusema lile ambalo makuli na mabaharia walilisema gatini kwa kukunja mikono.

Ndani ya sinema ya Bw Ivens watu hao wapo hadi leo, wengi wao majina yao hatuyajui. Wanatembea bandarini, wengine bila viatu, wamebeba mabango, wamevaa kofia zao, wanacheka. Nyuma yao meli zimekaa kimya na mashehena hayajapakiwa.